Kishikio Kisichoguswa

Mvi zilikuwa zimemjaa kichwani, wajukuu walimvuta suruali kila arudipo kutoka kazini, na bado karakana nzima ilimwita Mdogo. Hakuna aliyekusudia kumdharau. Jina lilianza siku alipoletwa pale akiwa kijana asiye na hata unywele mmoja kidevuni, na kaka yake, mwenye karakana, akawaambia mafundi, "Huyu ni mdogo wangu. Mfundisheni kazi, msimfundishe uvivu." Tangu siku hiyo kaka akawa Mkubwa na yeye akawa Mdogo. Mkubwa alipofariki, watu walidhani jina lingekwenda naye. Halikwenda. Hata wateja wapya, ambao hawakuwahi kumwona huyo mkubwa wake, walimwita Mdogo, naye aliitika upesi, kwa sababu kila alipoitwa hivyo kaka yake alikuwa ametajwa nusu.

Wazazi wao walikufa yeye akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu. Mkubwa ndiye aliyemfunza kuzifunga, akamsomesha hadi masomo yalipomshinda, akamwozesha, na katikati ya hayo yote akamfunza chuma. Alikuwa mwalimu wa maneno machache. Akitaka kusema kazi ni nzuri, alikipitisha kidole gumba juu yake taratibu, kisha akakiweka kile kifaa mezani bila kusema lolote. Akitaka kusema ni mbaya, aliuliza, "Umekula leo?" Mdogo aliulizwa kama amekula kwa miaka mingi kabla ya kifaa chake cha kwanza kuwekwa mezani kimyakimya, na siku hiyo alirudi nyumbani akitembea kama aliyepewa ufalme.

Karakana yenyewe haikuwa kubwa. Paa la bati, sakafu ya saruji iliyokunywa mafuta hadi ikawa nyeusi, benchi refu lenye majiliwa mawili ya kubania chuma, na jina la Mkubwa limeandikwa kwa rangi juu ya mlango. Karibu na mlango huo palikuwa na mashine ya kukereza, na mwenyewe alikuwa fundi mmoja mwembamba aliyeitwa Cheche, kwa sababu ya cheche za mashine yake na zile za ulimi wake. Chini ya dirisha palikuwa na mashine ya kuchongea. Hiyo ilikuwa ya Mkubwa, na baada yake ikawa ya Mdogo. Kazi yake ni nyepesi kueleza: kisu chenye meno kinazunguka juu, na meza ya chuma inatembea chini yake ikiwa imekibeba kile kinachochongwa. Ubavuni mwa mashine kuna kisanduku cha gia, na kwenye kisanduku kuna kishikio chenye kifundo cheupe. Kishikio hicho ndicho kinachoamua meza itembee polepole au itembee haraka.

Sasa kisa cha kishikio. Siku yake ya mwisho duniani Mkubwa alikuwa anaitayarisha mashine ichonge chuma kigumu. Vidole vyake vilikuwa vimelowa ile rangi ya buluu ambayo mafundi hupaka juu ya chuma ili mistari ya kuchora ionekane. Akakishika kishikio, akakisogeza hadi kwenye gia ya polepole kabisa, kisha akasema kifua kinambana, anatoka kidogo apate hewa. Akakaa kwenye kiti kilichokuwa nje, ukutani. Hawakumwona akiinuka tena.

Walipomaliza mazishi na kurudi kazini, Mdogo alikuta alama ya dole gumba imekauka juu ya kifundo cheupe, buluu, mistari yake yote ikisomeka. Hakuna aliyetoa amri. Hakuna aliyesema tusiiguse. Lakini mfagiaji alifuta mashine yote akakizunguka kifundo, na Cheche, ambaye hachelewi kugusa kisichomhusu, akapita mbali nacho kama kwamba kinachoma. Mambo mengine huwa mwiko hivyo, bila baraza wala mpiga mbiu.

Na kazi haikuharibika, kwa sababu karakana ile iliishi kwa chuma, na chuma humpenda mwenye subira. Gia ya polepole ilitosha. Ikitokea kazi inayotaka mwendo zaidi, Mdogo aliizungusha meza kwa mkono, kwa lile gurudumu la pembeni, jasho likimtoka. Cheche akamwambia siku moja kwamba mkono wake na lile gurudumu sasa wachumbiane tu, maana watu wameanza kusema. Mdogo alicheka na wengine, akaendelea kuzungusha.

Ikaja plastiki.

Kiwanda cha vinywaji, mteja wao wa tangu na tangu, kiliamua kuondoa reli zake za chuma, zile zinazoongoza chupa zikielekea kujazwa, na kuweka za nailoni. Nailoni haipati kutu, haipigi kelele, na chupa huteleza juu yake kama mtoto kwenye matope. Injinia wa kiwanda, mtu mpole aliyemheshimu sana Mkubwa, alileta mapande ya nailoni nyeupe, mazito kuliko yanavyoonekana, akaomba reli chache za majaribio. Alisema wazi kwamba zikipendeza, kiwanda kizima kitabadilishwa, na kazi hiyo ni ya karakana hii. Zisipopendeza, basi. Reli za chuma hazingeagizwa tena kwa yeyote, na bila kiwanda kile karakana ingebaki kunoa majembe.

Reli za kwanza za nailoni injinia alizirudisha mwenyewe. Hakugomba. Aliiweka reli juu ya benchi, akamwomba Mdogo apitishe kiganja. Uso wa reli ulikuwa na manyoya, na chini ya manyoya mabonge madogo, kama nta iliyomwagika ikaganda. "Chupa moja ikinasa hapa, zote za nyuma yake zinalala," injinia alisema. "Mkubwa hakuwahi kurudishiwa kitu, Mdogo. Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza. Wakubwa wangu wamenipa mpaka mwisho wa wiki, baada ya hapo nipeleke kwingine."

Mdogo alisema atajitahidi. Ila hakuhitaji kutafuta kosa liko wapi. Alilijua tangu kisu kilipogusa lile pande la kwanza. Plastiki si chuma. Chuma ukikiendea taratibu kinakupa uso mzuri, na joto linakimbilia ndani ya mwili wake mkubwa. Plastiki joto lake halina pa kwenda. Kisu kikikawia mahali pamoja kinaacha kukata, kinaanza kusugua. Nailoni inalainika, inaking'ang'ania kisu jinoni, inapakwa upya juu ya pale palipokwisha kuchongwa. Dawa yake ni kuuma na kuondoka: meza itembee haraka, kila jino lipate tonge lake la kutosha, na tonge litoke na joto lake. Yote haya Mdogo aliyajua. Aliyaona kwenye mabaki yaliyodondoka chini ya mashine, yaliyoshikamana kama ubani uliotafunwa, wakati yangepaswa kuanguka moja moja, makavu.

Alijua, na akatafuta kosa kila mahali isipokuwa pale lilipo. Alinunua kisu kipya ambacho hakijawahi kugusa chuma, akakinoa kwa jiwe laini mpaka kikanyoa malaika ya mkononi. Manyoya yakapungua, mabonge yakabaki. Akafunga bomba la upepo wa kompresa lipulize mabaki yasirudi chini ya kisu. Ilisaidia kidogo. Akapunguza mzunguko wa kisu, na kisu kikaacha kuyeyusha kikaanza kunyofoa. Akaizungusha meza kwa mkono, haraka. Lakini mkono wa binadamu una mapigo, na reli ikatoka na mawimbi ambayo hayakuonekana kwa jicho ila kiganja kiliyahesabu yote. Mwisho akachukua msasa. Msasa uliacha mikwaruzo iliyofifia, kama kioo cha nyumba ya wavivu.

Cheche alikuwa akimtazama kutoka kwenye mashine yake siku hizo zote, na ulimi ukimwasha. Hatimaye akaja akasimama karibu, akaokota bonge la nailoni iliyoungua, akalinusa.

"Umebadilisha kila kitu, Mdogo," alisema, "isipokuwa dhambi yenyewe."

Mdogo aliinama akaendelea kupiga msasa. Cheche akalitupa lile bonge, akarudi kwenye mashine yake.

Nyumbani mkewe alimtoa chembe nyeupe kwenye nywele akamuuliza ni plastiki gani hiyo inayomkosesha mtu hamu ya chakula. Mdogo akamweleza. Kwa mkewe hakuwa na haja ya kuzunguka. Mama wa watu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ni dogo: aende kwa shemeji yake, mke wa marehemu, amwambie.

"Nimwambie nini?" Mdogo aliuliza. "Kwamba naomba ruhusa nimfute mumewe?"

Mkewe akamsogezea sahani. Alimjua huyo shemeji.

Mke wa marehemu alikuwa mwalimu mkuu hadi alipostaafu, na hata baada ya kustaafu viatu vyake viling'aa kama kesho kuna ukaguzi. Hakuwahi kupandisha sauti. Hakuwa na haja. Mumewe alipofariki, jamaa walimshauri auze karakana, akawajibu kwa adabu kwamba jina lililo juu ya mlango si bidhaa. Alifika pale mara kwa mara. Hakuingilia kazi ya mafundi, ila aliwahi kumzuia mteja mlangoni, akakichukua mkononi mwake kifaa alichokuwa ameshalipia, akakirudisha ndani kwa sababu kilikuwa na ncha iliyoachwa bila kupigwa tupa. Na kila alipofika, kabla hajasalimia mtu, alikwenda kusimama kwanza kwenye mashine ya chini ya dirisha. Mdogo aliona hivyo mara nyingi. Akajua anakuja kuiona ile alama. Ndiyo maana aliilinda. Mjane huachiwa nguo, saa, na miwani. Vitu hivyo alikuwa navyo. Lakini mkono wenyewe wa mumewe ulikuwa umebaki mahali pamoja tu.

Alifika siku moja kabla ya muda wa injinia kwisha. Habari zilikwishamfikia, maana habari mbaya haziulizi njia. Alisimama kwanza dirishani kama kawaida yake, akawasalimia, kisha akaomba aonyeshwe reli. Akaivua pete yake, akapitisha vidole juu ya nailoni, akakunja uso.

"Haya, shemeji," akasema. "Nieleze."

Mdogo akaeleza. Akaeleza habari za nailoni na joto, habari za kisu kipya, za upepo wa kompresa, za mzunguko, za mkono na mawimbi yake. Alieleza vizuri, kwa kirefu, na alizunguka kote kama mtu anayezunguka nyumba yenye mbwa. Mwalimu alimsikiliza vile alivyowasikiliza wanafunzi walioacha swali moja bila kujibu. Alipomaliza, akauliza kwa upole meza inatakiwa itembee vipi.

"Haraka zaidi."

"Na hiki je?" Alikuwa anakionyesha kishikio kwa kidevu, bila kukinyooshea kidole.

Cheche alizima mashine yake, akaanza kutafuta spana iliyokuwa mbele ya macho yake.

"Hicho ni cha Kaka," Mdogo alisema.

"Kaka yako ana vitu vyake, viko nyumbani, navipangusa mwenyewe. Hiki ni cha mashine."

"Shemeji, ile alama…"

"Naiona. Kila nikija naiona." Akaigeuzageuza pete kiganjani. "Nilidhani ni wewe usiyeweza kuiacha. Nikasema nisikuharakishe, kila mtu na kilio chake."

Mdogo alihisi masikio yakiwaka moto. Akasema naye alidhani ni shemeji asiyeweza kuiacha. Kwamba anakuja kwa ajili ya ile alama, kwamba siku atakayofika asiikute atarudi nyumbani na pengo jingine. Akayasema hayo akiwa ameinama, akifuta mikono iliyokuwa safi. Mjane hakukana kwamba alikuja kwa ajili yake. Alisema tu kwamba alikuwa akiitazama, ndiyo, na akiondoka pale alikuwa akitembea hadi nyumbani bila kumwona mtu njiani. Kisha akaunyoosha mgongo na sauti ikarudi ile ya ukaguzi.

"Wakiishika reli hii kule kiwandani, watasema ni kazi ya nani?"

"Yangu."

"Hapana. Juu ya mlango hapakuandikwa jina lako."

Neno hilo lilimwingia Mdogo kama baridi. Mjane alikwisha kuusogeza mkono wake kwenye kifundo. Mdogo akauwahi.

"Niachie mimi, shemeji."

Akaweka dole gumba lake juu ya ile alama. Lililingana nayo karibu sawasawa. Walikuwa watoto wa mama mmoja. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko kazi inavyotaka, akifikiri kwamba hapa ndipo mkono wa Kaka ulipobaki, hapa hasa, na baada ya hapa hapatakuwa na mahali. Kisha akasukuma. Kishikio kilikuwa kimeshikwa na kutu ya kukaa, kikakataa, halafu kikakubali kwa mlio mdogo, kikapanda gia moja hadi nyingine. Alipoondoa mkono, rangi ilikuwa imepukutika. Vumbi la buluu lilibaki kwenye ngozi yake, na juu ya kifundo doa lisilo na umbo.

Akafunga pande jipya kwenye jiliwa, bila kulibana sana kwa sababu nailoni ikibanwa hujikunja, ikifunguliwa hujinyoosha, na unyoofu wote unapotea. Akafungua upepo. Akaanzisha mashine.

Hakuna aliyekuwa amejiandaa kwa ile sauti. Gia ile ilikuwa na mlio wake, mlio mwembamba uliopanda na kushuka kidogo, kama mtu anayeimba akiwa amefumba mdomo. Mkubwa alizoea kuitumia jioni, kazi nzito ikishaisha na amebakiza shaba za kusafisha, na alikuwa akipiga mluzi juu yake, mluzi na mashine vikienda pamoja. Watu waliopita barabarani walijua kwa mlio huo kwamba fundi leo ana furaha. Ulinyamaza siku aliyonyamaza mwenyewe, na kwa kuwa kimya hakina mlango wa kuingilia, wao hawakujua kuwa kimeingia. Walikuwa wameishi ndani yake kama watu wa nyumba iliyopotelewa na saa ya ukutani.

Cheche aliinuka taratibu, spana mkononi.

"Mkubwa huyo," alisema.

Mjane alikuwa amelishika benchi.

Nailoni ilidondoka moja moja, nyeupe, kavu, kama unga wa kusaga kwa mkono. Mdogo hakuthubutu kuinua macho. Alipitisha kisu mara ya kwanza kwa kina, akabakiza kidogo, akangoja pande lipoe maana plastiki yenye joto husema uongo kwenye kipimo, kisha akapitisha mara ya mwisho, nyembamba, bila kusimama popote. Alipofuta, reli ilikuwa laini kama yai lililomenywa. Akaipitishia dole gumba, lile lile lenye vumbi la buluu, taratibu, toka mwanzo hadi mwisho. Akaiweka mezani. Halafu akageuka, kama aliyeitwa na Kaka, akakuta ukuta.

Kesho yake injinia alipofika, mjane alikuwa pale kabla yake. Kazi ya nyumba ile haikabidhiwi na mkono mwingine ikiwa yeye yuko hai. Alizitoa reli mwenyewe, zimefungwa kwa kitambaa safi kilichopigwa pasi. Injinia alipitisha kiganja, akarudia kwa nyuma ya mkono, akatoa chupa tupu kwenye mfuko wake, akaisimamisha juu ya reli na kuisukuma kwa kidole kimoja. Chupa ikasafiri hadi mwisho ikiwa wima, na Cheche aliyekuwa kwenye ncha ya pili akaidaka kana kwamba ni mtoto anayejifunza kutembea. Injinia akasema kiwanda kizima. Akasema anaanza kuleta nailoni kesho. Alimpa Mdogo mkono, akampa mjane mkono na kuinama kidogo, akaondoka.

Walimsindikiza hadi mlangoni. Cheche alitaka kutania, akatazama nyuso zao, akaenda kujishughulisha na mashine yake. Mdogo alifikiri shemeji yake sasa ataaga. Alikuwa ameshavaa pete yake na kukikunja kile kitambaa cha pasi kikawa kidogo mkononi. Lakini alirudi ndani, akaenda kusimama chini ya dirisha mahali pake, na safari hii hakukitazama kile kifundo.

"Shemeji," akasema. "Hebu iendeshe tena."

"Reli zimekwisha, shemeji. Nailoni ya kesho bado haijaja."

"Najua. Iendeshe."

Mdogo akakifungua kisu, akakiweka pembeni, meza ikabaki tupu. Cheche alizima mashine yake bila kuambiwa. Mdogo akabonyeza, na ule mlio mwembamba ukaanza, ukapanda, ukashuka kidogo, ukajaa hadi kwenye bati. Meza ilitembea haina kitu ikafika mwisho wake. Akaigeuza irudi. Alimtazama mjane kwa pembe ya jicho, akingoja amwambie inatosha, na mjane alikuwa ameegemeza kichwa kwenye fremu ya dirisha, viatu vyake vinavyong'aa vimezama kwenye chembe za plastiki, wala hakusema inatosha. Akaigeuza tena.